Walipofuta Mstari wa Mama

Kwetu juu, ukitaja kiangazi kile ambacho maji yaligombanisha kijiji kizima, watu watakuambia kompyuta ilikosea. Wanasema hivyo mpaka leo, na wanaosema kwa sauti kubwa kuliko wote ndio walioharibu. Nimechoka kusikia. Kompyuta ile ilikuwa yangu. Jedwali lile nililitengeneza mimi, na halikukosea hata kisanduku kimoja. Waliokosea ni watu wazima wenye kofia na fimbo, na mmoja wao ni mdogo wa baba yangu, wa tumbo moja.

Lakini nijitambulishe kwanza, maana wapo wanaopenda kuniita "yule binti aliyerudi kutoka Nairobi", kana kwamba Nairobi ilinichoka ikanirudisha. Niliondoka nyumbani nikiwa na cheti cha darasa la saba na gauni mbili, kwenda kulea mtoto wa watu. Nililea, nikafua, nikapika, nikasugua sakafu. Jioni, mwenye nyumba akisharudi kazini, nilivaa viatu nikaenda kusoma. Nilianza na masomo ya sekondari, na nilipoyamaliza watu walidhani nitatosheka. Sikutosheka. Nikaendelea mpaka nikapata stashahada ya uhasibu na kompyuta. Hakuna mjomba aliyenisomesha wala ukoo ulioitisha mchango. Stashahada hiyo iko ukutani kwangu hadi sasa, ndani ya fremu, na anayeingia nyumbani kwangu anaiona kabla hajaona kiti.

Nilirudi na kompyuta yangu mwenyewe, nimeifunga kwa mablanketi. Pale mpakani Holili mtu wa ushuru alifunua blanketi akaniuliza televisheni hii ni ya nini. Nikamwambia si televisheni.

"Sasa inaonyesha nini?"

"Inaonyesha kile unachojua," nikamjibu. "Kama hujui kitu, inabaki nyeupe."

Aliniweka pale hadi jua likaanza kushuka. Sikujali. Nilikuwa nimezoea kungoja watu wenye vyeo vidogo.

Nikapanga chumba Pasua, mtaa wa mjini huku chini, chenye mlango unaoangalia barabara. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda milimani na mizani zao, mitumba ilijaa sokoni, na kila mtu alikuwa anaanzisha kitu. Mimi nilibandika kibao: kuchapa, kufundisha, kupanga majedwali. Wanaume waliingia, wakanitazama, wakachungulia nyuma yangu, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikawaambia fundi mnaongea naye. Wengine waliondoka. Waliobaki walijifunza.

Kuchapa barua watu walikuwa wamekwisha kusikia. Majedwali hawakuyajua kabisa. Siku hizi wataalamu wanasema lahajedwali. Mimi nilifundisha kazi hiyo kabla sijawahi kusikia mtu akiitaja kwa jina hilo. Niliwaeleza hivi. Chukua karatasi kubwa iliyochorwa visanduku, mistari ikienda kulala na safu zikienda kusimama. Kila kisanduku kina anwani yake, kama nyumba mtaani. Ndani ya kisanduku unaweza kuandika neno, au namba, au agizo. Agizo ndilo linalotofautisha mashine na daftari. Unakiambia kisanduku, wewe nenda kwa jirani yako fulani, chukua alichonacho, ongeza hiki, uonyeshe jibu. Basi. Ukibadilisha kwa jirani, na huku kunabadilika bila kuguswa.

Fundi cherehani mmoja wa Pasua alikuwa anashona sare za kwaya. Nilimpangia jedwali la urefu na upana wa kila mwimbaji, likamwambia vitambaa vya kukata, na akaacha kulaumiana na waimbaji wa sauti ya nne, waliokuwa wanene. Mkulima wa mpunga kutoka Mabogini aliingiza tarehe ya kumwaga mbegu kitaluni, na jedwali likampa tarehe ya kung'oa miche, ya palizi, ya kuanza kufukuza ndege. Mama wa kuku wa mayai alijua ni banda lipi limeanza kulegea kabla kuku wenyewe hawajajua. Si mambo ya wazungu haya. Ni mambo ya mtu yeyote mwenye vitu vinavyotegemeana.

Na hakuna kitu kinachotegemeana kama nyumba zilizo kwenye mfongo mmoja.

Mfongo ni mfereji wa maji. Wetu ulichimbwa na mababu. Unaanzia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, huko juu karibu na msitu, unateremka ukipita kihamba kimoja baada ya kingine, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba ndani yake, migomba na mibuni huku na huku, mpaka nyumba za mwisho chini ambako mahindi yanaanza. Kila nyumba ina zamu. Zamu ikifika, unaondoa magome ya migomba na matope uliyozibia njia yako, maji yanaingia shambani kwako. Muda ukiisha unaziba, maji yanashuka kwa jirani.

Mambo ya mfongo ni ya wanaume. Mwanamke hafiki kwenye banio na haketi kwenye kikao cha mfongo. Mama yangu, tangu Baba alipofariki, alikuwa akituma kibarua siku ya kusafisha mfongo wote. Lakini kipande kinachopita kihambani kwake alikitengeneza mwenyewe kwa jembe, asubuhi na mapema, na hakuna aliyemkataza. Mwanamke hakatazwi kazi. Kinachokatazwa ni kauli.

Wakati ule majirani walikuwa waking'oa mibuni ili wapande nyanya na maharage ya kupeleka sokoni. Mama alikuwa anafanya kinyume. Alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa nyuma ya nyumba, kimefunikwa kwa majani ya migomba, na aliongea na miche ile kuliko alivyoongea na mimi. Ukimuuliza atakuambia, "Nataka nife nikiacha kahawa changa." Miche ilihitaji maji. Lakini si miche tu. Kwetu, shamba lenye zamu ya maji ni shamba la mtu. Shamba lisilo na zamu ni mahali panapongoja mwenyewe. Ukoo ulikuwa umemwachia Mama kihamba "akiangalie". Nilijua, na Mama alijua, kwamba zamu ikiondoka, kihamba kitafuata.

Kiangazi kile maji yalipungua vibaya. Watu wa juu walimwagilia nyanya mchana kutwa, watu wa chini wakapanda na mapanga kuuliza kulikoni. Mwenyekiti wa kamati ya mfongo akashuka mjini kunitafuta. Alikuwa mzee mwenye koti zito, hata kwenye joto la Pasua. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi, akaitazama kompyuta kama mtu anayetazama ng'ombe wa mwenzake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema mashine yako inapanga."

"Inapanga nikiiambia ipange nini."

"Iambie ipange maji."

Nikaipanga. Sikukaa mjini nikabuni. Nilipanda, nikatembea mfongo wote pamoja naye, kuanzia nyumba ya kwanza chini ya banio. Kwenye banio lenyewe alikwenda peke yake, na mimi nikamngoja kwenye kona kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Kutoka hapo nilidondosha jani kavu la mgomba majini kwenye kila njia ya kuingilia shamba, nikalifuata nikiwa na saa mkononi, nikaandika muda ambao maji yanatumia kutembea kutoka nyumba moja hadi nyingine. Vijana walinicheka. "Dada wa Nairobi anachunga majani!" Niliwaacha wacheke. Nani mwingine kijijini alikuwa amewahi kupima mfongo ule? Mababu waliuchimba, aliyeupima ni mimi.

Kisha nikaweka nyumba kwenye jedwali, mstari mmoja kwa kila nyumba, kwa kufuata maji yanavyoteremka. Kisanduku cha kuanza cha kila nyumba nilikipa agizo: mtazame jirani wa juu yako, saa anayomaliza, ongeza muda wa maji kutembea, hapo ndipo unapoanza wewe. Kwa hiyo mtu wa juu akiongezewa robo saa, wote wa chini wanasogea wenyewe. Lilinitoa jasho jambo moja tu, saa. Mashine inaanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi tunaanza jua linapochomoza. Ningebandika karatasi yenye saa za kizungu pale kijijini, mtu wa saa moja angetoka na jembe saa saba. Nikatengeneza safu nyingine inayogeuza saa za mashine kuwa saa zetu. Jambo hilo sikufundishwa na mtu.

Kwenye mstari wa kihamba chetu niliandika jina la Mama. Jina lake la ubatizo, na jina la baba yake. Sikuandika jina la marehemu wala "mjane wa fulani". Aliyekuwa anafungua na kuziba maji pale ni yeye.

Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa banda la maziwa, ikiwa na muhuri wa kamati. Mama alipopeleka maziwa asubuhi alisimama mbele yake mpaka wenye vidumu nyuma yake wakaanza kulalamika. Alirudi nyumbani akaniambia, "Nimejiona," akaingia jikoni. Wiki zile mapanga yalikaa ndani. Mtu wa chini kabisa alipata maji mchana kweupe, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Hakuna aliyesema asante, lakini hakuna pia aliyesema kompyuta imekosea.

Aliyekuja ni baba mdogo. Kihamba chake kinafuata cha Mama, upande wa chini, maana kilikuwa kihamba kimoja wakakigawana na Baba. Alinikuta nikiota jua uani siku ya Jumapili, baada ya misa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Binti, umeandika nini kule kwenye maziwa?"

"Zamu za maji."

"Nimeona jina la mwanamke."

"Umeona jina la mwenye zamu."

"Mwenye zamu ni ukoo. Kaka yangu amekufa, zamu inarudi kwangu. Tunaweka za nyumba zote mbili pamoja, kwa jina langu, mimi nampa mama yako anachohitaji."

"Anachohitaji anakijua yeye. Na amekuwa akikipata bila kupewa."

Akainua fimbo, akaishusha. "Nairobi walikufundisha kujibu wazee hivyo?"

"Nairobi walinifundisha kuandika ninachokiona, baba mdogo. Siku nitakapokuona wewe na jembe kwenye kipande cha Mama, nitaandika jina lako."

Mama alitoka jikoni na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akamkaribisha shemeji yake kwa heshima zote, akampa kiti. Nilikasirika hata na Mama. Alipoondoka nikamuuliza kwa nini anamnywesha mtu anayetaka kumfukuza. Akasema, "Mtu akiwa anakunywa hawezi kuongea." Sikucheka.

Kikao cha mfongo kikakaa. Mimi sikuruhusiwa, Mama hakuruhusiwa. Waliotembea mfongo wote kwa miguu walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa nje ya kikao kwa sababu ya kuvaa gauni. Wakakubaliana kwamba mstari wa Mama uondolewe, na muda wake aongezewe baba mdogo. Na kwa kuwa walijua nitakataa, hawakuniambia. Mwenyekiti alikuwa na nakala ya jedwali kwenye disketi, niliyompa kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu kazi ya kijiji haifai kukaa kwa mtu mmoja. Wakampa disketi mtoto wa kwanza wa baba mdogo. Huyu alikuwa kijana wa duka la vifaa vya ujenzi mjini, duka lenye kompyuta, na alikuwa amefanya kozi fupi akapewa cheti chenye maua pembeni. Kozi fupi! Mimi nilisoma miaka, jioni kwa jioni, miguu imevimba. Yeye alijifunza kuwasha na kuzima, na wakamwamini kwa sababu anakaa kikaoni.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kumwona Mama. Nilipofika kwenye banda la maziwa nikakuta watu wamejazana mlangoni. Wanawake wenye vidumu walikuwa wanacheka, wazee hawakuwa wanacheka. Karatasi yangu ilikuwa imechanwa. Mahali pake palikuwa na mpya, yenye muhuri uleule. Nyumba za juu zilikuwa na saa zake kama kawaida. Kisha jirani wa juu ya Mama. Kisha Mama hayupo. Na kuanzia baba mdogo kushuka, kila nyumba, hadi ya mwisho kwenye mahindi, badala ya saa ilikuwa imeandikwa #REF!.

"Hiyo ndiyo saa ngapi?" mama mmoja aliniuliza, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mume wangu kaamka usiku na jembe, karudi analalamika haijafika."

"Mwenyekiti anasema kompyuta bado inafikiri," mwingine akadakia. "Tangu Jumanne inafikiri. Ina watoto wangapi hiyo, mpaka ifikiri hivyo?"

Mimi nilielewa pale pale. Nilimwona yule kijana kama vile nilikuwa nyuma yake. Alikwenda kwenye mstari wa Mama, akaufuta wote. Visanduku vya chini vikageuka alama. Akadhani ni lugha ya kitaalamu, akachapa. Baba yake akabeba karatasi, mwenyekiti akagonga muhuri bila kusoma, wakabandika.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa kile kilichofuata kijijini. Watu wa chini walikuwa wanazikumbuka saa zao za karatasi ya kwanza. Nani anasahau saa ya maji yake? Lakini wakienda kuzibua, watu wa juu waliwaambia, "Wewe huna saa. Karatasi yenye muhuri haikukutajia saa." Na wakakubali! Watu wazima, wenye akili zao, wakarudi nyumbani na majembe begani kwa sababu ya muhuri juu ya upuuzi. Watu wa juu wakamwagilia nyanya hadi zikaoza. Ng'ombe wa chini walipelekwa korongoni kunywa. Mama alikuwa amebeba maji ya korongo kwa ndoo, akipanda na magoti yake mabovu, na sehemu kubwa ya kitalu ilikuwa imeshakauka. Nilimkuta anang'oa miche iliyokufa, anaipanga kando kama mtu anayepanga vijiko.

"Walikuambia kwamba wamekuondoa?" nikamuuliza.

"Nani aniambie? Nilikwenda kujitazama, sikujiona."

Nilirudi Pasua sijalala vizuri. Siku mbili hazikupita, wakashuka wote watatu, mwenyekiti, baba mdogo na mwanawe. Nilikuwa na wanafunzi. Niliwaacha wakae benchini mpaka somo liishe, nikafundisha polepole kuliko kawaida. Baba mdogo alikohoa. Nikarudia somo.

Walipotoka wanafunzi, yule kijana alianza, akiwa anatazama viatu. "Dada, nilifuta mstari mmoja tu."

"Mmoja tu. Na mimi mama yangu ni mmoja tu."

"Sikujua kama itaharibu wengine."

"Ungejuaje? Ulisoma kuwasha."

Nikaweka disketi yao, nikafungua jedwali. Nikamwita baba mdogo asogee, nikamwonyesha kisanduku chake, cha kwanza kuharibika. Nikamfungulia agizo lililomo ndani. "Unaona hapa? Kisanduku chako kinauliza, jirani wangu wa juu anamaliza saa ngapi? Kinamtafuta Mama. Hayupo. Basi nacho hakijui kinaanza lini. Wa chini yako anakuuliza wewe, na wewe hujui. Anayemfuata anamuuliza yule. Hivyo hivyo hadi mwisho wa mfongo. Ulitaka zamu mbili, baba mdogo. Sasa huna hata moja."

Mwenyekiti akavua kofia, akajipepea. "Kwa hiyo haiwezekani kabisa bila yeye?"

Hapo ndipo wengine wangedanganya. Ningesema haiwezekani, na nani angenipinga? Lakini sikusoma kwa taabu ile ili nije kudanganya kuhusu kazi yangu.

"Inawezekana," nikasema. "Namwambia baba mdogo amtazame jirani wa juu ya Mama. Ni dakika moja. Na sitafanya."

"Mwanangu, watu wa chini hawana maji."

"Msinitwike mimi. Walikuwa nayo. Mliwanyang'anya ninyi, kikaoni, na mimi mkaniacha nje. Kama mnaweza kupanga maji bila mwanamke, pangeni. Huyo hapo mtaalamu wenu."

"Tutatafuta mwingine," baba mdogo akasema, amesimama.

"Mtafuteni. Mwambieni pia aseme, akishapanga, mfongo wenyewe upite wapi. Maana kwenye karatasi yenu maji yanaruka kutoka kwa jirani wa juu mpaka kwako. Shambani yanapita kwa Mama."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa mfongo tangu utoto. Maneno hayo yalimfanya akae tena. Akaniuliza ninataka nini. Nikamwambia mimi sitaki kitu; mwenye zamu yuko nyumbani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza. Nilifunga duka, nikapanda nao.

Mama alitoka kitaluni akatukuta uani, akanawa mikono, akaleta viti. Mara hii hakuleta mbege. Mwenyekiti alizunguka na salamu, na hali ya ng'ombe, na hali ya hewa, mpaka nikataka kupiga kelele. Hatimaye akasema kamati inaomba amwambie binti yake atengeneze karatasi.

Mama akauliza, "Mimi nimo?"

"Mama, utakuwa unapata maji kupitia kwa shemeji yako."

"Nimeuliza kama nimo."

Mwenyekiti akaigeuzageuza kofia yake.

"Kama simo, ni sawa," Mama akasema, kwa sauti ileile ya kukaribisha wageni. "Mtu ambaye hayumo hasafishi mfongo. Kile kipande changu kimeanza kujaa majani, nilikuwa nakwenda kukizoa leo. Sasa sitakwenda. Na asubuhi sitaziba wala kuzibua. Yakimwagika kwenye migomba yangu yatamwagika, mimi simo. Shemeji atakuja mwenyewe kuziba. Atakuja na jembe?"

Alipouliza hilo alimtazama baba mdogo, na baba mdogo akatazama mfongo. Kwa miaka yote maji yaliyofika kwake yalipitia mikononi mwa Mama, na alikuwa hajawahi kuyafikiria yanafikaje. Mwenyekiti aliona. Akamwambia baba mdogo, kwa Kichagga, maneno makali machache ambayo siwezi kuyaandika kwa heshima ya wote, kisha akanigeukia. "Rudisha mstari wa mama yako. Kama ulivyokuwa."

"Kwa jina lake?"

"Nimesema kama ulivyokuwa!"

Tukashuka tena Pasua, nikaurudisha. Nilikuwa na jedwali langu la kwanza, halijaguswa, kwa sababu mtu mwenye stashahada haweki kazi yake mahali pamoja. Lakini sikuwapa hilo tu wakaondoka. Nilimkalisha yule kijana mbele ya kompyuta, nikamlazimisha aandike jina la Mama mwenyewe, herufi kwa herufi, na maagizo yote ya chini yake, huku saa zikirudi moja baada ya nyingine hadi kwenye mahindi. Nikachapa nakala nyingi, kila nyumba ya chini ikapata yake, ili wasingoje tena kusoma mlangoni. Mwenyekiti aligonga mihuri. Mara hii alisoma kabla ya kugonga.

Hakuna aliyeomba radhi. Kwetu mtu akikosea anakuja na jani la sale mkononi, na jani hilo huwezi kulikataa. Sikuliona. Miche iliyokufa ilikufa, na kahawa ile ya Mama leo ni chache kuliko alivyotaka. Na bado wananiambia kompyuta ilikosea, kwa sababu wakisema vingine itabidi watajane.

Siku ya zamu yake nilikuwa uani. Mama aliondoa magome na matope kwa jembe, maji yakaingia kitaluni kwa miche iliyobaki, akayaongoza kwa mguu kutoka mstari hadi mstari. Baba mdogo alisimama upande wa chini wa mpaka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ameshika jembe na karatasi imekunjwa mfukoni mwa shati. Alitazama saa yake mara nyingi.

"Shemeji," akaita, "muda wako umeisha."

Mama hakuinua kichwa. "Soma vizuri," akasema. "Bado robo saa."

Akasoma. Akangoja.